Msamaha wa Mara ya Pili

Msikilizaji, kuna baharia aliyesamehewa mara mbili kwa kosa moja. Huyo ni João Cândido wa Brazili, mtu mweusi aliyezaliwa 1880, wazazi wake wakiwa wameonja utumwa.

Brazili ilifuta utumwa 1888, lakini kwenye manowari zake mjeledi haukupumzika. Walioamuru viboko walikuwa maafisa weupe. Waliochapwa, wengi wao weusi. Mwaka 1910 serikali ikapokea kutoka Uingereza manowari mpya, Minas Geraes, miongoni mwa zilizotisha kuliko zote duniani. Meli ya kisasa, nidhamu ya mashamba ya watumwa! Novemba hiyo baharia mmoja, Marcelino, akahukumiwa viboko 250, wenzake wamepangwa mstari watazame.

Usiku wa tarehe 22 wakaasi. Damu ilimwagika, tusifiche: nahodha wa Minas Geraes na maafisa wengine waliuawa. João Cândido akachukua uongozi, mizinga ikaelekezwa Rio de Janeiro, mji mkuu wa wakati huo. Dai kubwa lilikuwa viboko vikome. Waliodhani mabaharia wale wasingeweza kitu bila maafisa wao waliziona manowari zikizunguka ghuba kwa ustadi, na magazeti yakamwita João Cândido Admirali Mweusi.

Siku chache tu baadaye, bunge likapitisha msamaha. Mabaharia wakaamini, wakarudisha meli.

Desemba yakazuka maasi mengine, na serikali ikapata kisingizio. João Cândido akakamatwa. Mkesha wa Krismasi, yeye na wenzake 17 wakasukumwa katika seli moja ya chini kwenye kisiwa cha Ilha das Cobras, seli iliyomwagiwa chokaa. Walikufa 16 kwa kukosa pumzi. Yeye akabaki hai, akapelekwa hata hospitali ya vichaa. Gerezani alishika sindano na uzi akadarizi: taulo moja ina moyo uliochomwa upanga, na neno “mapenzi” kwa Kireno.

Mahakama ilimwachia huru 1912. Jeshi la majini likamfukuza hata hivyo, naye akaishia kuhangaika na samaki sokoni Rio hadi uzeeni. Alifariki 1969, fukara.

Mwaka 2008 Brazili ikamsamehe tena, marehemu, kwa sheria mpya. Kilichobaki kusamehewa ni kipi, sijui; iliyovunja ahadi ya 1910 ilikuwa serikali. Rais aliitia saini sheria hiyo, ila akakataa kipengele kimoja: cha fidia kwa familia.