Lahaja si Kiswahili Kibovu



Lipo swali ambalo hurudi kila panapozungumzwa habari za lugha: lahaja ni nini, na inatofautianaje na lugha? Mara nyingi swali hili huulizwa kwa ajili ya mtihani. Mwanafunzi hupewa sentensi moja ya kukariri, huiandika, hupata alama zake, na mambo yakaishia hapo. Lakini jibu lake lina uzito kuliko alama za mtihani. Ndilo linaloamua kama mtoto wa Lamu, wa Makunduchi au wa Wete ataambiwa darasani kwamba anasema Kiswahili cha kwao, au ataambiwa kwamba anakiharibu Kiswahili.

Tuanze na neno lenyewe. Lahaja ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na kwa wataalamu wa lugha maana yake ni namna mojawapo ya kusema lugha moja, namna ya watu wa mahali fulani, inayopishana na namna za wenzao katika matamshi, katika msamiati, na pengine hata katika sarufi. Tusiichanganye na lafudhi. Msukuma na Mchaga wanaweza kusema sentensi ile ile ya Kiswahili, neno kwa neno, nawe uliyeketi chumba cha pili ukatambua kila mmoja atokako. Hiyo ni lafudhi tu. Maneno yenyewe yanapobadilika, na jinsi yanavyoungwa ikabadilika, hapo ndipo tunapoingia katika lahaja.

Kiswahili kina lahaja nyingi. Ukishuka na pwani kutoka kaskazini utakutana na Chimwiini cha mji wa Barawa, huko Somalia. Kisha Kibajuni, Kipate, Kisiu na Kiamu. Ukifika Mombasa utakuta Kimvita. Kusini yake Chichifundi na Kivumba. Upande wa Tanga Kimtang'ata, na mbele yake Kimrima. Visiwani kuna Kipemba, Kitumbatu, Kimakunduchi na Kiunguja cha mjini. Na hapo sijazitaja zote.

Sasa, tutajuaje kama semi mbili ni lahaja za lugha moja au ni lugha mbili mbalimbali? Kipimo kinachotajwa kwanza ni kusikilizana. Husemwa kwamba watu wawili wakizungumza, kila mmoja kwa usemi wake, nao wakaelewana, basi wanasema lahaja za lugha moja. Wasipoelewana, hizo ni lugha mbili. Kipimo hiki ni kizuri, na hatuwezi kukitupa. Lakini ukikipeleka katika ulimwengu wa watu, utaona kwamba hakifiki mbali.

Hebu tutazame hapa hapa kwetu. Mnyarwanda na Mrundi wakikutana, kila mmoja husema kwa lugha yake na mazungumzo yakaenda bila mkalimani. Kwa kipimo cha kusikilizana tungesema wanasema lugha moja yenye lahaja mbili. Lakini tunahesabu lugha mbili, Kinyarwanda na Kirundi, kwa sababu kuna nchi mbili, serikali mbili na vitabu vya shule vya aina mbili. Kisha twende Kilimanjaro. Mtu wa Rombo na mtu wa Machame wakisema kila mmoja kwa usemi wa nyumbani kwao, watapata tabu kuelewana, na aghalabu wataishia kwenye Kiswahili. Hata hivyo wote wawili huambiwa kwamba wanasema Kichaga, kama kwamba ni kitu kimoja. Wanaosikilizana tumewapa lugha mbili, na wasiosikilizana vizuri tumewapa jina moja!

Au chukua Kingazija cha visiwa vya Komoro. Zamani wako wataalamu waliokiweka katika orodha ya lahaja za Kiswahili. Leo wengi wanakitazama kuwa lugha kamili, ndugu wa karibu wa Kiswahili. Wangazija hawakubadilisha usemi wao ili wapandishwe cheo. Kilichobadilika ni hesabu ya wataalamu.

Hapo ndipo tunapoona ukweli wa jambo hili. Tofauti ya lugha na lahaja haimo yote ndani ya usemi. Sehemu kubwa imo katika yale ambayo watu wameutendea usemi huo: nani ameuandika, nani ameufundisha, serikali gani imeutangaza. Mwaka 1945 mtaalamu mmoja wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, jina lake Max Weinreich, alichapisha msemo alioupata kwa mtu aliyekuja kusikiliza mihadhara yake: kwamba lugha ni lahaja yenye jeshi la nchi kavu na jeshi la majini. Ni maneno ya mzaha, lakini mzaha wenye ukweli ndani yake.

Kiswahili hakikuwa na majeshi, lakini kilikuwa na kamati. Katika zama za ukoloni serikali na wamisionari walitaka Kiswahili kimoja cha kuandikia vitabu vya shule. Palikuwa na mabishano. Wamisionari wa Mombasa walikuwa wamefanya kazi zao katika Kimvita; kamusi ya Krapf, iliyotoka mwaka 1882, imesimama juu ya usemi wa Mombasa. Wale wa Unguja, akiwamo Askofu Edward Steere, walikuwa wamefanya kazi zao katika Kiunguja. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ya kusimamia usanifishaji huo katika Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja.

Kwa nini Kiunguja kilishinda? Si kwa sababu ni kitamu kuliko Kimvita au kina sarufi bora kuliko Kiamu. Kilishinda kwa sababu misafara ya biashara iliyoondoka pwani ilikuwa imekwisha kukifikisha Tabora, Ujiji na mbele yake, na shule nyingi za bara zilikuwa zinakitumia. Kilikuwa kimetembea zaidi.

Tena, ndugu msikilizaji, kama ungeuliza miaka mia mbili iliyopita ni wapi Kiswahili cha fahari kinakopatikana, wengi wasingekuonyesha Unguja. Wangekuonyesha kaskazini. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya zamani ina tarehe ya mwaka 1728, umetoka Pate. Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona zimetungwa kwa usemi wa kaskazini. Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga kwa Kimvita. Na hata baada ya usanifishaji, Abdilatif Abdalla aliandika Sauti ya Dhiki kwa Kimvita akiwa kifungoni. Kitabu kikatoka mwaka 1973 na kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Kwa hiyo cheo cha lahaja hupanda na kushuka kwa historia. Kiswahili sanifu nacho ni lahaja iliyopata bahati, ikanyooshwa na kuongezwa vitabuni.

Sasa nakuja kwenye shutuma ambayo lahaja husingiziwa kila siku, kwamba hazina kanuni. Hili si kweli, na tunaweza kulithibitisha kwa mfano mmoja mwepesi. Mtu wa Unguja husema macho, kicheko, mchele, kichwa. Mtu wa Mombasa husema mato, kiteko, mtele, kitwa. Anayesikiliza juu juu atadhani kwamba Mmvita hawezi kutamka "ch", ndiyo maana anaweka "t". Lakini mtu huyo huyo wa Mombasa husema chakula, hasemi takula. Husema chombo, hasemi tombo. Husema chumba, hasemi tumba.

Ana sababu gani? Tazama wingi wa maneno hayo: vyakula, vyombo, vyumba. Hiyo "ch" ya mwanzo ni kiambishi cha ki na vi kilichokutana na irabu, na Kimvita hakiigusi. "Ch" inayopokelewa na "t" ni ile iliyomo katika mzizi wa neno. Mtoto wa miaka minne wa Mji wa Kale hutenganisha mambo haya mawili bila kukosea na bila kufundishwa na mwalimu yeyote. Huwezi kukiita kitu cha namna hiyo ubovu. Hiyo ni sarufi.

Hali kadhalika Kiamu. Mwamu akisema mai, mui na moya, asidhaniwe kwamba alitaka kusema maji, mji na moja ulimi ukamwangusha. Mai na maji zimetoka katika neno moja la kale, kila moja likapita njia yake. Hakuna aliyemwibia mwenzake.

Iko dhana nyingine potofu ambayo ni lazima tuiseme. Wako watu wanaoziita lugha za makabila yetu "lahaja", au "vilugha". Tanzania peke yake huhesabiwa kuwa na lugha zaidi ya 120. Kisukuma si lahaja ya Kiswahili wala ya kitu kingine chochote. Ni lugha kamili, nayo ina lahaja zake. Hivyo hivyo Kigogo, Kiha na Kimakonde. Lugha haiwi ndogo kwa kukosa redio na magazeti.

Je, nasema kwamba tuache Kiswahili sanifu, kila mtu aandike kwa lahaja yake? La, hasha. Nchi inahitaji lugha moja ya kuandikia sheria, ya kutungia mitihani na ya kumfanya mtu wa Kigoma asome gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam. Lakini sanifu ni kama nguo ya kutokea. Mtu huivaa akienda kwenye shughuli, na ni vizuri kila mtoto awe nayo. Haina maana kwamba nguo ya nyumbani ni tambara.

Kwa hiyo mwalimu anayekuta mwanafunzi ameandika mato ana haki ya kumwambia: katika mtihani andika macho. Hana haki ya kumwambia kwamba mama yake hajui Kiswahili. Maneno ya kwanza humwongezea mtoto ujuzi. Ya pili humfunza kuona haya kwa usemi wa kwao, naye akikua hatawasemesha wanawe kwa usemi huo. Lahaja hufa namna hiyo, nyumba baada ya nyumba, bila tangazo.

Nayo ikifa, hasara ni yetu sote. Katika lahaja mna majina ya samaki, ya pepo, ya sehemu za chombo na ya kazi za shamba ambayo kamusi ya sanifu haijayapata. Tunapotafuta istilahi mpya tunakimbilia lugha za ng'ambo kabla hatujabisha hodi kwa jirani. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi na mtaalamu wa Lamu, alifanya kinyume chake: aliyachimba maneno ya kaskazini ili kuvipa majina vitu vipya. Neno runinga, ambalo sasa tunalisikia kila siku, huhesabiwa kuwa ni kazi yake.

Basi wewe uliye na bibi au babu Makunduchi, Tumbatu, Pemba, Vanga au Siu, chukua daftari ukakae naye. Mwulize jina la kila kitu kilichomo jikoni na baharini, uandike kama anavyosema yeye, usimsahihishe. Wazee wetu walisema, mwacha asili ni mtumwa.