Bateri ilikuwa inakufa, na kosa lilikuwa letu
(Maneno tuliyosema mu mkutano wa wanachama, Likasi)

 

Mulituomba tueleze habari ya trakta. Tutaieleza yote, hata pale inapotupa haya, maana mu mwezi wa tisa tulisema mbele yenu maneno ambayo hayakuwa ya kweli.

Ile trakta ndogo munaijua. Ni ya miaka ya 1960, ya aina ambayo kule Marekani watu walikuwa wanakatia majani ya bustani. Ilifika mu kontena kupitia Kasumbalesa, na kwetu inavuta jembe na kigari cha maji ku shamba la njia ya Kambove. Motere yake ni nzima. Shida ilikuwa bateri. Asubuhi unageuza ufunguo: tik, kiisha kimya. Na haina kamba ya kuvuta wala manivela. Bateri ikikufa, trakta imelala.

Tulinunua bateri mpya. Majuma matatu, imekufa. Tukanunua ya pili, na franga ilitoka mu sanduku la msaada, lile la magonjwa na matanga. Mama mmoja alisimama akauliza: mtoto wake akishikwa na malaria, tutamupa bateri ameze? Tulicheka, lakini haki ilikuwa yake.

Kiisha maneno yakaanza. Kwamba kijana anayeendesha anachajia watu telefone usiku, analipwa. Sisi wa ofisi tulisikia, tukaamini. Hatukumuuliza vizuri. Tulimkata malipo ya siku tatu. Aliweka ufunguo juu ya meza, akaenda kuchimba na wenzake. Siku ile mzee mmoja wa hapa, ambaye alilala nje na mizigo yake ku gare ya Likasi mwaka 1992, wakati watu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa, alitwambia paka neno moja: “Na sisi walitusema vile vile. Nani alipima?”

Tulikwenda basi kwa fundi wa umeme, mzee wa pansheni, kule Kikula. Swali lake la kwanza lilikuwa lile lile: “Mulipima?” Hapana. “Sasa munanunua bateri kama mukate?”

Alikuja na multimeta yake. Kwanza alipima bateri motere ikiwa imezimwa: volti 12.2. Bateri ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika, inaonyesha karibu 12.6 au 12.7. Kiisha tuliwasha motere, tukaipandisha mwendo. Namba ilipaswa kupanda hadi 14 na kitu. Ilibaki 12.2, na ikaanza kushuka. Njo hapo tuliona kwamba hakuna mtu aliyeiba umeme. Umeme haukuwa unaingia.

Mutuvumilie kidogo hapa, maana kijana yeyote mwenye trakta ya namna hii atakutana na jambo hili. Kwa mashine hizi, startere na dinamo ni kitu kimoja. Bateri inaizungusha ili motere iwake. Motere ikiisha kuwaka, mkanda unaizungusha yenyewe na inarudisha umeme ku bateri. Katikati kuna kisanduku kidogo, regilateri, kinachoiambia dinamo itoe kiasi gani. Kwa hiyo ugonjwa unaweza kuwa ku mkanda, ku dinamo, ku regilateri, ama ku nyaya. Bateri ni ya mwisho kulaumiwa. Sisi tulianza nayo.

Mkanda ulikuwa umelegea. Aliukaza, paka uingie kidogo ukiubonyeza na kidole. Namba haikupanda. Alifungua dinamo kutazama sharibo, yale makaa mawili yanayogusa kola ya shaba. Moja ilikuwa fupi. Alichukua sharibo ya startere ya gari, akaichonga na tupa hadi ikaingia. Bado.

Hapo akafanya jaribio ambalo tulipenda sana. Alitoa waya wa F ku regilateri, na motere ikizunguka akaugusisha ku chuma cha trakta kwa sekunde chache tu. Volti zikaruka kupita 15. Akautoa mara moja, maana ukiacha hivyo unaunguza vitu. (Jaribio hili ni la dinamo za aina hii; kuna zingine zilizofungwa kinyume, msiige bila kujua.) Dinamo ilikuwa hai. Ilikosa paka amri ya regilateri.

Akauliza: “Iliacha kuchaji tangu lini?” Tulihesabu. Mwezi wa kwanza ilifanya kazi bila kelele. Kiisha tuliipaka rangi.

Bandugu, tuliipaka rangi kwa ajili ya picha za wafadhili. Tulifungua regilateri, tukapaka chuma chote, tukairudisha juu ya rangi. Na regilateri ile inapata masi yake kupitia mgongo wake, pale inapogusana na chuma. Rangi ilikata njia. Rangi nzuri, nyekundu, ya picha.

Dawa haikufika nusu saa. Alitoa kwanza waya wa masi wa bateri, akakwangua rangi hadi chuma cheupe, akaongeza waya kutoka mgongo wa regilateri hadi mwili wa dinamo. Alisafisha pointi zake na tupa nyembamba. Akarudisha bateri, na kabla ya kuwasha aligusisha kipande cha waya kati ya BAT na GEN, nukta moja, ili dinamo ikumbuke upande wake. Tukawasha: 14.2. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, 12.6.

Bateri ya kwanza ilikaa tupu muda mrefu, risasi yake imeharibika, haitapona. Franga yake tutairudisha ku sanduku sisi wa ofisi, mu miezi mitatu. Rafiki mliotuma trakta, picha zijazo zitakuwa na doa pale tulipokwangua. Hatutalipaka.

Multimeta imenunuliwa. Daftari limefungwa na kamba chini ya kiti, na kila Jumatatu mwenye zamu ataandika namba mbili: motere imezimwa, motere inazunguka.

Kwa kijana, tulikwenda wawili hadi kwao, tukamwomba samahani mbele ya mama yake. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Malipo yake ya siku tatu yako mu bahasha, kwa mweka-hazina. Mvua imeisha kuanza, na nusu ya shamba haijalimwa.