Uchakavu Usiodaiwa katika Jedwali E: Mada kwa Waandaaji wa Ritani za Wahamiaji Marekani

Jedwali E la fomu ya 1040 hubeba mapato na hasara zisizotokana na mshahara wala biashara anayoiendesha mlipakodi mwenyewe: pango la nyumba, mirabaha, migawo ya ubia, mirathi na amana. Hayo waandaaji wanayajua. Inatosha kukumbusha kwamba mwenye nyumba anayeishi humo na kuipangisha chini ya siku 15 kwa mwaka haripoti pango hilo, na kwamba anayewapa wageni huduma za kihoteli huhamia Jedwali C.

Tatizo linalorudi kila msimu ni uchakavu. Mwenye nyumba huleta risiti za fundi bomba, bima na riba ya benki, lakini mstari wa 18 hubaki mtupu, kwa sababu uchakavu hauna risiti. Nyumba iliyonunuliwa kwa dola 220,000, kiwanja kikiwa dola 55,000, ina jengo la dola 165,000. Kiwanja hakichakai. Jengo la makazi lililoko Marekani hugawanywa kwa miaka 27.5, yaani dola 6,000 kwa mwaka. Pango likiwa dola 18,000 na matumizi mengine dola 13,500, ritani isiyo na uchakavu huonyesha faida ya dola 4,500, nayo hutozwa kodi. Ukiingizwa uchakavu, inakuwa hasara ya dola 1,500.

Siku ya kuuza ndipo maumivu yanapozidi. Sheria hupunguza gharama ya nyumba kwa uchakavu ulioruhusiwa au uliostahili kuruhusiwa. Asiyeudai kwa miaka kumi kamili hupunguziwa dola 60,000 zilezile, na sehemu hiyo ya faida inaweza kutozwa hadi asilimia 25. Hulipia nafuu ambayo hakuwahi kuipata. Inasikitisha, maana wengi wa wasioudai si wakwepaji. Ni watu waliolipa zaidi ya walichodaiwa.

Wengine huuacha makusudi wakidhani hasara haitawafaa. Tangu mageuzi ya kodi ya 1986, mpangishaji anayeshiriki maamuzi ya nyumba yake anaweza kukata hasara ya hadi dola 25,000. Kiwango hicho huanza kupungua kipato kinapovuka dola 100,000 na kuisha kwenye 150,000. Lakini hasara iliyozuiliwa haipotei: fomu ya 8582 huivusha mwaka hadi mwaka, na kwa kawaida huachiliwa nyumba inapouzwa.

Inapendekezwa mwandaaji aulize thamani ya kiwanja na ya jengo kabla ya kugusa risiti. Aombe ritani za nyuma na kutazama mstari wa 18. Uchakavu ukiwa umerukwa miaka miwili au zaidi mfululizo, atumie fomu ya 3115, ambayo huingiza upungufu wote katika mwaka mmoja bila kufungua ritani za zamani. Nyumba ya Nairobi au Dar es Salaam ya mkazi wa Marekani nayo iripotiwe. Iliyoanza kupangishwa baada ya 2017 hugawanywa kwa miaka 30, na kodi ya mapato iliyolipwa nyumbani huombewa nafuu kwa fomu ya 1116. Uchakavu udaiwe hata hasara ikizuiliwa. Na mteja anayetangaza kuuza nyumba aangaliwe mstari wa 18 kabla ritani ya mwaka wa mauzo haijawasilishwa.