Plagi Moja, Lugha Mbili

Shikeni karatasi zenu, tusome pamoja polepole.

Somo la leo ni habari ya kibodi ya zamani, yaani ubao wenye vitufe vya herufi. Tuseme umejiundia kompyuta ndogo ya mtindo wa kale, yenye chipu ya Z80, aina iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1976. Kuunda kitu kwa mkono si jambo geni huku. Wazee wa Ufipa walijenga tanuru ndefu za udongo, malungu, wakayeyusha chuma wenyewe.

Sasa umepata kibodi kuukuu kwa bei ndogo. Plagi yake ni ya mviringo, ina pini tano. Tundu la kompyuta yako nalo lina nafasi tano. Unachomeka, inaingia sawasawa. Unabonyeza A. Kimya! Jirani anasema umerogwa. La, ndugu yangu. Jina la Sumbawanga lenyewe maana yake ni "tupa uchawi". Basi tuutupe, tutafute sababu.

Sababu ni hii. Kampuni ya IBM ilitoa kibodi ya namna moja mwaka 1981, na ya namna nyingine mwaka 1984. Plagi zao zinafanana, lakini lugha zao ni mbalimbali. Kibodi haipeleki herufi, hupeleka namba. Ukibonyeza A, ile ya 1981 hupeleka 30. Ile ya 1984 hupeleka 28. Kompyuta iliyofundishwa lugha moja haielewi ya pili. Ni kama watu wawili wanaopeana mikono, mmoja anasema Kifipa, mwenzake Kijaluo. Mikono imekutana, maneno hayakukutana.

Mwaka 1987 ikaja plagi ndogo ya pini sita. Hii umbo lake ni jingine, lakini lugha yake ni ileile ya 1984. Hapo kiunganishi kidogo chatosha.

Utajuaje lugha ya kibodi yako? Igeuze, utazame chini. Baadhi ya kibodi zina swichi ndogo yenye herufi X na A. X ni lugha ya 1981. A ni ya 1984. Mwenye kujua kusoma ataisukuma swichi, kazi imekwisha. Asiyejua ataitupa kibodi nzima.

Tena angalieni sana: zimeni kompyuta kabla ya kuchomeka. Kibodi hutumia umeme wa volti 5 tu, lakini ukikosea nyaya waweza kuunguza chipu.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini kibodi ilinyamaza?
2. Kibodi ya 1984 hupeleka namba gani kwa herufi A?
3. Tufanye nini kabla ya kuchomeka?

Kwaherini, ndugu zangu.