Ukiteleza Dukani

Msikilizaji, ukiteleza kwenye mafuta yaliyomwagika dukani ukateguka mguu, usinyamazishwe na kibao cha tahadhari. Sheria ya Kenya, Sura ya 34, inamtaka mwenye duka awalinde wateja wake kadiri inavyostahili. Onyo humwokoa tu likitosha kumwepusha mteja na hatari. Kibao kilichofichwa nyuma ya magunia ya unga ni pambo. Wapo wasemao jeraha dogo halistahili gharama za kesi, ila Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na wakili si lazima. Kweli, anayedai ndiye anayethibitisha, na aliyekuwa akichezea simu anaweza kupunguziwa fidia. Basi piga picha sakafu hiyo, tunza risiti za hospitali, na ufungue madai kabla miaka 3 haijaisha.