MANENO YA KAMATI YA TAWI KUHUSU KIDUHA MASHAMBANI

Tunatuma hapa tuliyoyasema mkutanoni jana, kwa wenzetu ambao hawakufika.

Kiduha kimeanza kuchomoza. Muda si mrefu kitachanua yale maua ya zambarau tunayoyajua huku Mara, kisha kitabeba mbegu. Mche mmoja unaweza kutoa mbegu zaidi ya 50,000, laini kama vumbi, na hukaa ardhini miaka 10 na zaidi zikisubiri mahindi.

Ukikiona juu, ujue madhara ya chini yameshafanyika. Mbegu huamshwa na majimaji ya mzizi wa mahindi, huota, hujishika kwenye mzizi huo na kunyonya. Ndiyo maana mahindi hudumaa na kunyauka hata mvua ikiwepo. Wapo waliosema shamba limerogwa. Hapana, na tunaomba maneno hayo yaishe, yameshaanza kugombanisha majirani.

Tusidanganyane: kung'oa sasa hakutaokoa sana mahindi ya msimu huu. Tunang'oa kwa ajili ya misimu ijayo. Kilichochanua kichomwe moto. Msikitupe kwenye samadi wala msiwape ng'ombe, mbegu zitarudi shambani. Na jembe lisafishwe kabla ya kumwazima jirani.

Msimu ujao, anayelima mahindi juu ya mahindi abadilishe, apande soya au karanga. Soya huamsha mbegu za kiduha lakini hazipati pa kunyonya, zinakufa. Samadi nayo iwekwe, kwa sababu kiduha hustawi kwenye ardhi iliyochoka. Wenye mifugo wafikirie desmodiamu kati ya mistari na majani ya tembo pembezoni, ile mbinu ya vuta-sukuma iliyotokana na utafiti wa ICIPE kule Mbita, Kenya. Mbegu ya desmodiamu si rahisi kuipata na mwanzoni inataka palizi ya makini, ila ikishika ni malisho pia.

Baadhi walitaka tuanze na mashamba ya wanachama tu. Kamati imekataa. Mbegu husafiri na maji ya mvua na kwato za ng'ombe, haziulizi kadi. Tutaanza na mashamba ya juu, maji yanakotokea, awe nani mwenye nalo, halafu ya wazee wasio na watu wa kuwasaidia.

Jumamosi, saa 1 asubuhi, ofisi ya tawi. Njoo na gunia la kubebea, kisiburutwe njiani. Katibu ataandika majina ya waliofika.

Kamati ya Tawi