Mshika Amana: Kazi ya Benki Kuu katika Nchi Changa



Wazee waliokuwapo zama za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki wataikumbuka senti kumi yenye tundu katikati, ambayo kina mama waliitunga uzini na kuifunga penye pindo la kanga. Bodi hiyo, iliyoundwa mwaka 1919 na kukaa London hadi ilipohamia Nairobi mwaka 1960, haikuwa benki hata kidogo, bali dirisha la kubadilishia fedha: aliyeweka pauni moja London alipewa shilingi ishirini huku, na asiyeweka hakupewa. Mkonge ulipopanda bei ng'ambo fedha zilijaa mitaani, uliposhuka zikakauka, hata kama mvua ilikuwa njema na mikono ya kulima ipo tele.

Ndiyo maana Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake tarehe 14 Juni 1966, Gavana wa kwanza akiwa Edwin Mtei, noti zenye sura ya Mwalimu Nyerere zilikuwa kama bendera ya pili. Furaha ile ilikuwa halali yetu. Lakini nathubutu kusema kuwa kubadili sura iliyo juu ya noti ndiko kulikokuwa kwepesi. Uzito ulikuwa katika uwezo mpya wa kuumba fedha, ilhali jirani wa karibu kabisa, yaani Hazina, hakosi haja.

Natuitazame haja hiyo. Walimu wanangoja mishahara na kodi haijaingia. Hazina yapeleka hati ya deni, Benki yaandika tarakimu daftarini, walimu wanalipwa, wala hakuna aliyeibiwa. Ila sukari dukani ni ile ile, na wenye noti wamezidi. Baada ya miezi bei yapanda, mwenye duka aitwa mlanguzi, kumbe kodi imekwisha kutozwa kwa ajuza aliyeficha akiba chini ya godoro, pasipo Bunge kuulizwa. Tuliyaonja hayo katika miaka ya 1980, bei zilipopanda kwa takriban thuluthi moja kwa mwaka. Na ijapokuwa vita vya Kagera na bei ya mafuta vilikuwa na sehemu yake, daftari nalo halikuwa safi. Sheria ya mwaka 1995 ikairudisha Benki kwenye kazi ya kwanza, utulivu wa bei.

Wako wanaodhani kuwa utulivu ni kumnyima mkulima. Sikubaliani nao. Msimu wa pamba ukifika Shinyanga, wanunuzi huhitaji noti kwa wingi na kwa haraka, na Benki isiyojua kalenda ya mvua haifai kuitwa yetu. Barua mbili zaweza kumfikia Gavana asubuhi moja, zote zikiomba fedha, zote zikitaja maendeleo: moja ina robota za pamba ghalani, nyingine ina sahihi ya mkubwa tu, naye Gavana mwenyewe ameteuliwa na Rais yule yule aliyemteua mkubwa huyo.